Kunyoa Hewa

Nia imetangulia, mkono umesimama,
Wembe anauwazia, vidole vinamhama.

Benchi la kahawa lilikuwa mbele ya kibanda cha kunyolea, na asubuhi hiyo Kinyozi mwenyewe ndiye aliyelikalia, kakipa mgongo kiti chake kitupu. Kikombe alikishika barabara, vifungo alivifunga bila taabu. Lakini wembe ukikaribia kichwa cha mtu, vidole vilikakamaa kama kuni. Mwenye kibanda alikwisha kusema: jioni ikiingia bila kichwa kunyolewa, kiti kinapewa mpwawe. Kinyozi alikuwa roho juu.

— Mkono mzima huo, kaka, — akasema Spana, fundi wa magari. — Ubovu uko juu. Ubongo ndio unaowasha, mkono gurudumu tu.

— Daktari kasema hivyohivyo. Eti kabla sijanyanyua kidole, amri imeshaandaliwa kichwani. Na nikiwaza tu kunyoa, ubongo unafanya kazi karibu ileile. Kaniambia nifumbe macho, ninyoe moyoni.

— Kumbe! Basi mimi jana nimejenga ghorofa kitandani! — akadakia Redio, ambaye hakuna aliyewahi kumzima.

— Redio, punguza sauti. Mwenzio hajalala kwa mawazo, — Spana akamkemea.

— Nasema kweli! Mwezi mzima anawaza, hanyoi. Amri zimerundikana mpaka begani. Zikifunguka leo, atanyoa mtaa mzima, na nyusi, na paka!

— Usinitishe, ndugu yangu, — Kinyozi akanong'ona.

— Achana naye, — Spana akamwambia Kinyozi. — Simama, fumba macho, nyoa hewa tuone.

Kinyozi akasimama, jasho likimchuruzika. Akafumba macho, akakiona kisogo. Vidole vikateleza laini, vikalizunguka sikio lisilokuwepo, hata kwa kitambo akasahau kuogopa.

— Injini imewaka! — Spana akapiga paja.

— Kapona! Huyo mpwa akanyoe mbuzi!

Ndipo akatokea mgeni, nywele zimemtimka, akawaamkia wote.

— Naona fundi yuko tayari. Nani anaanza, nikae nyuma yake?

Spana akakumbuka gari la watu aliloliacha juu ya jeki. Redio akajipapasa kichwa, akasema nywele zake bado changa, akaaga kwa sauti ya chini. Mgeni akalitazama benchi tupu, akautazama mkono wa Kinyozi, akashika njia.

Aliyebaki amesimama ni Kinyozi.