Breki na Msamaha wa Chumbani

Wasikilizaji wapendwa, kaeni vizuri. Aliye jikoni apunguze moto, aliye kazini asogeze redio karibu. Leo tunamkumbuka dereva wa basi la shule, mtu tuliyemwita Breki. Na niseme mapema: leo sikuja na ile sauti yangu ya upole. Breki alikuwa rafiki yangu, alionewa, na mimi nina hasira.

Breki hakunywa pombe. Nalirudia hili. Hakunywa pombe, hata tone. Kwenye harusi alikuwa akinusa glasi ya juisi kwanza, kisha anamgeukia mkewe na kumuuliza kama hawajaitia kitu. Watu walimcheka. Yeye alisema anabeba watoto wa watu.

Jina lenyewe alipewa na watoto hao. Akiona kuku kando ya barabara, breki. Akiona karatasi inapeperuka, breki. Watoto wanagongana vichwa, wanacheka, wanaimba jina lake. Wazazi walilalamika kwamba basi linachelewa, lakini hakuna aliyetaka mwanawe apande la dereva mwingine.

Kisha tumbo likaanza kujaa. Kwanza mkanda wa suruali ulikataa kufunga. Halafu macho yakawa ya njano, na miguu ikavimba. Ilikuwa homa ya ini, wasikilizaji, ile ya virusi. Vilikaa mwilini miaka mingi, kimya kimya, vikilila ini, mpaka maji yakaanza kujikusanya tumboni. Pombe haikuhusika.

Sasa, msimamizi wa madereva pale shuleni alikuwa kaka wa mkewe. Shemeji yake kabisa, mtu aliyekula kwake kila Jumapili. Huyo ndiye aliyesimama kwenye mkutano wa wazazi, mbele ya madereva wote, mbele ya dada yake mwenyewe, akashika kipaza sauti na kusema: "Tumbo lile mnaliona wenyewe. Ile ni chupa. Siwezi kumpa mlevi watoto wenu."

Hakumuuliza daktari. Hakumuuliza dada yake. Alikuwa na mtu wake aliyetaka kumpa lile basi, na akampa wiki ileile. Unga wa Breki ukamwagwa hivyo.

Hospitali walimtoa maji tumboni. Wanakupiga ganzi ubavuni, wanachoma sindano nene, wanapitisha mrija, na maji yanatoka taratibu. Breki alishuka kitandani akiwa mwepesi, akawatania wauguzi kwamba amejifungua salama. Ganzi ilipoisha, utani nao ukaisha. Palipochomwa pakawaka moto, tumbo zima likawa linavuta kutoka ndani, na kile kitundu kikavuja mpaka shati likalowa.

Muuguzi alimwelekeza vizuri. Alalie upande wa pili, kitundu kiwe juu. Akikohoa au akiinuka, abane mto tumboni. Asinyanyue kitu kizito. Dawa ya maumivu iwe ile aliyoandikiwa tu, kwa kipimo alichoandikiwa, maana vidonge vya kujinunulia dukani vinaweza kumtoa damu na kuziharibu figo. Homa ikipanda, au maumivu yakizidi, arudi hospitali hapohapo. Ninyi mnaouguza wagonjwa wa ini, hilo lishikeni. Akamwambia pia avute pumzi polepole, na kila akiitoa afikirie kitu anachokipenda.

Breki hakufikiria anachokipenda. Mkewe anasema alikuwa akivuta pumzi, anafumba macho, na akiitoa anataja kosa moja la shemeji. Ule mkutano wa wazazi. Pumzi. Basi kapewa yule anayeendesha kama anafukuzwa. Pumzi. Jumapili zote alizochagua mapaja ya kuku akatuachia shingo. Maumivu yakipanda sana, makosa yanarudi nyuma mpaka ya wakati wa uchumba.

"Nilimwambia, baba watoto, chuki itakumaliza," mkewe aliniambia. "Akanijibu kwamba linalommaliza ni ini. Chuki ndiyo inayomwamsha asubuhi."

Na kweli ilimwamsha. Maji yalijaa tena, yakatolewa tena, na kila mara alijikaza kwa njia hiyohiyo. Alichotaka kilikuwa kimoja. Shemeji asimame mbele ya wazazi walewale, na madereva walewale, akiri kwamba alimsingizia. Kazi hakuitaka tena. Alitaka jina lake.

Siku moja shemeji akaja. Akaomba watu watoke chumbani, akafunga mlango. Mkewe Breki alibaki, kwa sababu ndiye aliyekuwa amemshikia mto tumboni. Mgonjwa alikuwa ametoka kutolewa maji asubuhi ile. Shemeji akaomba radhi kwa sauti ya chini. Akasema yaishe, sisi ni ndugu. Breki alijiinua hivyohivyo, uso umekunjamana kwa maumivu.

"Shemeji, ulinitukana kwenye kipaza sauti," alisema. "Mbona msamaha unauomba kwa kunong'ona? Nenda kaseme palepale uliposemea. Ukishasema, rudi, nitakusamehe na chai utakunywa."

Shemeji aliahidi kusema mkutano ujao. Mkutano ukafika, akasema ana mafua. Ukafika mwingine, akasema ajenda zimejaa. Mara zote mbili Breki alivaa shati lake la kazi, akakaa sebuleni na mto wake, akisubiri kuambiwa. Baada ya hapo ini likachoka kabisa. Alifariki asubuhi, mkewe akiwa pembeni yake.

Makaburini, shemeji mwenye mafua akapata sauti. Alishika kipaza sauti, akafuta macho makavu, akatangaza kwamba yeye na marehemu walikwishayamaliza. Ndipo mjane, dada yake wa tumbo moja, akainuka na kumpokonya.

"Kaka, hakukusamehe," alisema. "Nilikuwepo chumbani. Mume wangu hakuwa mlevi. Ulimsingizia, na amekufa anakungoja."

Kisha akamrudishia kipaza sauti mkononi ili ajibu. Kaka akakiweka chini, akaondoka.

Wasikilizaji, hapa mezani nimeletewa salamu za rambirambi. Zimetoka kwa msimamizi huyohuyo. Anaomba nitangaze kwamba amempoteza shemeji mpendwa aliyeishi naye kwa amani. Nimezisoma peke yangu. Hewani hazipiti.

Kwa mjane na watoto, poleni sana, Mungu awatie nguvu. Kwa wewe uliyewahi kumtazama mtu tumbo ukamtangazia ugonjwa, jiulize ulisemea wapi, na kina nani walikusikia. Uende hukohuko, leo, mgonjwa wako angali anasikia.

Na wewe msimamizi, najua unanisikiliza. Kipaza sauti changu kiko wazi. Wazazi wanasikia, madereva wanasikia. Njoo useme. Msamaha hutaupata, mwenye nao tumemzika.