Mwalimu Gwantwa Kibona, Aliyehama na Mbwa, Paka na Bustani

Ndugu waombolezaji, wazee wetu mliotoka Igamba, wakwe zetu mliotoka Mbebe, viongozi wa usharika, walimu wastaafu na majirani wa Sogea, kwa niaba ya familia ya Mzee Osea Nzowa ninasoma mbele yenu maisha ya mama yetu, Mwalimu Gwantwa Eliakim Kibona, na kwa kuwa tangu juzi kuna swali linalozunguka hapa msibani, wengine wakiuliza kwa sauti na wengine kwa macho, kwamba mke wa Nzowa anazikwaje Tunduma wakati makaburi ya ukoo yapo Igamba, familia imeniagiza nisome bila kuruka kitu, kwa sababu jibu limo ndani ya maisha yake mwenyewe.

Mwalimu Gwantwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika kijiji cha Mbebe, wilaya ya Ileje, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Eliakim Kibona na mkewe Ketrina, wakulima wa mahindi na maharage. Ndugu zake wanakumbuka kwamba tangu akiwa mdogo alikuwa na tabia ya kumpa jina kila kuku aliyeanguliwa pale nyumbani, na kuku akishakuwa na jina ikawa vita kumchinja, hata mama yake akawa anamtuma kisimani kila mgeni alipobisha hodi, ili akirudi akute kitoweo kimeshaingia chunguni na hakuna wa kumlilia.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1967 katika shule ya msingi ya hapo hapo kijijini na kuhitimu darasa la saba mwaka 1973, na ingawa alifaulu vizuri, nafasi za sekondari zilikuwa chache na yake haikupatikana, akarudi shambani na wazazi wake kwa miaka mitatu bila kununa. Mwaka 1976, taifa lilipohitaji walimu wengi kwa haraka, alichaguliwa kuwa mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, akifundisha asubuhi na kusomea ualimu jioni, akapata cheti chake mwaka 1979 na mwaka huo huo akapangiwa kazi Igamba, wilaya ya Mbozi, alikofundisha madarasa ya awali mpaka alipostaafu tarehe 14 Machi 2018.

Walimu waliofanya naye kazi, na baadhi yao wamekaa hapa mbele, walimwita Mwalimu Figiri, kwa sababu mwanafunzi aliyechelewa kwake hakuchapwa, alikabidhiwa ndoo na kuonyeshwa tuta la figiri la kumwagilia, na inasemekana walikuwepo watoto waliochelewa kwa makusudi.

Tarehe 9 Oktoba 1982 alifunga ndoa takatifu na Bwana Osea Nzowa, ambaye wakati huo alikuwa karani wa chama cha ushirika cha kahawa, na Mungu akawajalia watoto watatu, Watson aliyezaliwa mwaka 1983, Pendo mwaka 1986 na Ipyana mwaka 1990, na wajukuu saba. Mzee Osea alilelewa katika nyumba ambayo mbwa alikuwa wa nje na paka alikuwa wa ghalani, na mwenyewe anakiri kwamba miaka ya kwanza ya ndoa aliipinga sana habari ya wanyama kupita sebuleni, mpaka siku moja alipojikuta ameamka kuwafungulia mlango bila kuombwa, na tangu hapo hakuna aliyemsikia akilizungumza tena jambo hilo.

Alipostaafu, Mwalimu alihamishia nguvu zake zote nyuma ya nyumba yake pale Igamba, akapanda chainizi, mnafu, vitunguu, karoti na maboga ya kuchuma majani, na kila asubuhi alizunguka matuta akiwa na mbwa wake wa rangi ya majivu, ambaye alinusa tuta moja baada ya jingine kwa utulivu wa ofisa aliyetumwa kutoka wilayani, ndipo Mzee Osea akampa jina la Bwana Shamba. Paka wa manjano aliletwa mwaka 2019 kutoka Mbebe, kwa Gwalugano, mdogo wake Mwalimu, na kwa kuwa alitoka ukweni, Mzee alimwita Shemeji, akisema kwamba shemeji hafukuzwi mezani hata akila samaki wa mwenye nyumba. Wapo waliosema pale kijijini kwamba mama huyu anawapenda wanyama kupita kiasi, na sisi hatuwalaumu, kwani kila mtu ana kipimo chake cha upendo, na cha kwake kilikuwa kikubwa.

Mwezi Agosti 2022 miguu ya Mwalimu ilianza kuvimba na pumzi kukatika akipanda kilima, na baada ya vipimo madaktari waliona kwamba moyo wake umepanuka, wakampa dawa na kumshauri aishi karibu na hospitali ili aangaliwe mara kwa mara. Mtoto wake Watson, ambaye ni wakala wa forodha hapa Tunduma, alimwomba mwaka mzima wa 2023 ahamie kwake Sogea, naye kila mara alijibu kwa upole na kubaki alipo.

Tarehe 2 Juni 2024 familia ilikaa kikao Igamba, na kila mmoja aliona jinsi mama alivyokuwa akisimama katikati ya chumba kutafuta hewa, akaambiwa wazi kwamba akiendelea kukaa mbali na matibabu hatafika Krismasi. Aliuliza jambo moja tu, kwamba hao waliozoea kumwona kila asubuhi atamwachia nani, na wazee wakamjibu kuwa mbwa atajitafutia, paka atakula panya, na bustani itaota nyasi kama bustani za watu wengine, wala hawakusema kwa ubaya, ila Mwalimu alinyamaza, na wanaomjua walifahamu kwamba ukimya ule maana yake hatakwenda. Ndipo Watson, kwa kuchoka, akasema, "Basi mama, twende wote. Mbwa, paka, hata hiyo bustani."

Mwalimu akamgeukia mumewe akasema, "Baba Watson, umemsikia mwanao."

Wiki zilizofuata Mwalimu aliketi kwenye kigoda akielekeza, na Mzee Osea akang'oa bustani tuta kwa tuta na kuipanda kwenye viroba vya mbolea vilivyojazwa udongo, na Jumamosi tarehe 22 Juni 2024 vikapakiwa kwenye lori dogo la Kanta pamoja na kabichi za dereva, kwa kuwa dereva alikuwa na mzigo wa kushusha Mlowo. Kwetu huku, paka anayehamishwa hutiwa ndani ya kiroba na mdomo wa kiroba ukafungwa kwa kulegea, ili apumue lakini asiione njia, maana paka aliyeiona njia hurudi alikotoka, basi Shemeji naye akatiwa kwenye kiroba, na kwa uangalifu mkubwa Mzee akakiweka mahali pasipo na mtikisiko, katikati ya kabichi, na hapo ndipo kosa lilipofanyika.

Mlowo vibarua walishusha kabichi kwa haraka yao ya kila siku, wakashusha na kiroba, na gari likaendelea bila mtu kushtuka, mpaka walipofika Mpemba, ambako foleni ya malori ilikuwa imesimama, Bwana Shamba akaanza kulia na kukwaruza sakafu ya gari. Mwalimu akaomba viroba vihesabiwe, kimoja hakikuonekana, na Watson akamwambia mama yake kwamba Tunduma kuna paka tele, Jumatatu wana miadi na daktari na muda unakwenda.

Mwalimu akasema, "Nishushe hapa, Watson. Tulisema wote."

Akashuka, akatandika kitenge kando ya barabara na kuketi, mbwa akaketi ubavuni mwake, na Mzee Osea, ambaye kwa miaka mingi alikuwa hachukui upande ugomvi ukizuka kati ya mama na watoto, akavua koti akamfunika mke wake kwa sababu ya upepo, kisha akaketi upande wa pili. Watson aliwatazama wazazi wake wawili na mbwa, wakiwa wamepangana chini kama watu wanaosubiri ibada ianze, akavuka barabara na kupanda Noah ya abiria ya kurudi Mlowo.

Alimkuta Shemeji ametoroka kwenye kiroba na kukaa juu kabisa ya lundo la kabichi, akimkoromea kila anayesogea, na wenye biashara wamemzunguka wakicheka. Watson, akiwa na shati lake la ofisini, alipiga magoti kwenye majani yaliyooza na kuanza kuita kwa sauti ya kubembeleza, shemeji, shemeji, njoo twende nyumbani, na mama mmoja muuza nyanya akamuuliza mbele ya watu, "Baba, dada yako umemfanya nini mpaka shemeji kahamia sokoni?" Soko lilicheka, Watson naye akacheka, na alipocheka paka akashuka mwenyewe na kuingia ndani ya shati lake, akasafiri hadi Mpemba kichwa kikiwa nje, akiitazama njia yote kwa macho mawili. Mzee Osea alipomwona hivyo alijua paka huyo amekwisha kupotea, ni suala la siku tu, lakini mila nazo hupenda kupumzika mara moja moja, kwani Shemeji hakurudi Igamba, na mpaka leo yupo, amelala kwenye dirisha la jikoni pale nyuma yenu.

Siku ile Mwalimu alipanda gari kwa hiari yake, Jumatatu akaonana na daktari, na Krismasi waliyosema hatafika aliifikia, akaipita, akaishi nasi mwaka mmoja na miezi karibu mitano. Watson aliwapa wazazi wake nyumba ndogo ya uani yenye mlango wake, ili heshima kati ya baba mkwe na mkamwana ibaki kama inavyotakiwa kwetu, na viroba vikapangwa ukutani kuanzia lango hadi kwenye tangi la maji, vikazaa kuliko matuta ya Igamba. Tusekile, mke wa Watson, aliingia katika jambo hili akiwa anawaogopa mbwa tangu utoto, na kwa wiki kadhaa alikuwa akiwasiliana na Bwana Shamba kupitia dirishani, lakini Mwalimu hakumharakisha, alimpa tu kazi ya kuchuma mboga upande ule ambao mbwa hupenda kulala, na leo mnaona wenyewe mbwa yupo miguuni kwa nani.

Mboga zilipozidi, Mwalimu aliwagawia majirani, na madereva kutoka Zambia waliokwama kwenye foleni walijua kwamba kwa Bana Watson, yaani mama Watson kwa Kibemba chao, mtu anaomba maji ya kunywa na kuondoka na fungu la chainizi. Alijifunza kuwajibu kwa lugha yao, vibaya sana, nao wakawa wanarudi ili wamsikie akikosea.

Tarehe 3 Novemba 2025 hali yake ilibadilika na akalazwa, na tarehe 10 daktari aliita familia na kusema kwa upole kwamba dawa zimefika mwisho wa uwezo wake. Mwalimu akaomba arudishwe nyumbani. Wote tulielewa jambo moja, Watson akatafuta gari la safari ndefu, simu ikapigwa Igamba nyumba ifagiliwe, na Mzee Osea akaanza kukunja mablanketi, mpaka Pendo alipomwinamia mama yake kumweleza kwamba barabara ni nzuri na Igamba watafika mapema.

Mwalimu akasema, "Igamba nilishastaafu. Nipelekeni Sogea, nyumbani."

Alipelekwa hapa, na alfajiri ya Alhamisi tarehe 13 Novemba 2025 aliomba akalishwe mlangoni, akamwangalia Tusekile akimwagilia, akamwambia vitunguu havioshwi, vinanyweshwa, wakacheka wote wawili, na kabla jua halijafika kwenye ukuta alikuwa ameshalala usingizi wa mwisho akiegemea bega la mume wake.

Ijumaa wazee wa ukoo walikaa, wakasema kwa haki kabisa kwamba mke wa Nzowa hulala kwa Nzowa, na kwamba kumwacha hapa mpakani, kwenye makaburi ya watu tusiowajua, kutaonekana kama tumemtupa. Mzee Osea aliwasikiliza wote mpaka wa mwisho, kisha akasimama, akasema maneno ambayo ameomba yasomwe kama alivyoyatamka:

"Mimi nilimtoa kwao Mbebe, akaja kwangu, na hakuniuliza swali. Safari hii yeye ndiye kanitoa, nami nimekuja. Mzikeni alipopaita nyumbani, na nafasi ya pembeni yake muiache wazi, ni yangu, msije mkanibeba."

Baba yetu mkubwa Anania, ambaye ndiye aliyekuwa amepinga zaidi ya wote, akauliza majembe yako wapi. Hilo ndilo jibu, ndugu zetu, na kaburi la mke wa Nzowa limechimbwa na mikono ya akina Nzowa wenyewe waliotoka Igamba, hajatupwa na mtu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa uvumilivu hata alipowaletea maboga wodini, walimu wenzake waliosafiri kutoka Mbozi, usharika kwa maombi na nyimbo, ndugu wa Mbebe kwa kutupa binti wa namna hii, mawakala wenzake Watson walioacha kazi zao, na majirani wa Sogea, ambao mlimpokea akiwa na mbwa, paka na viroba mkasogea kumpa nafasi. Hatuwezi kumtaja kila mmoja, pokeeni shukrani zetu kwa pamoja.

Mwalimu Gwantwa, mama yetu, umefika kwako. Pumzika hapa, pumzika kwa amani.