Mama Hatua na Mguu Uliotangulia

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya dada yetu mkubwa, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Hatua.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1974, binti wa fundi saa na mkunga, akaanza shule mwaka 1981, na kwa kuwa alikuwa bingwa wa kufungua redio za watu na kushindwa kuzifunga, baba alimpeleka chuo cha ufundi, akahitimu umeme mwaka 1996.

Tarehe 3 Februari 2003 aliajiriwa katika karakana ya hospitali ya viungo, kazi yake ikiwa kuandika programu za kuiongoza miguu ya mashine, ile inayofungwa kiunoni na mapajani kwa mtu aliyepooza, ili mota zihisi msuli unapojaribu kusogea, ziusaidie, wala zisiutangulie. Mwaka 2005 aliolewa na mshonaji wa mikanda ya miguu hiyo, wakajaliwa binti mmoja.

Tarehe 14 Juni 2018, mgonjwa wake, mwalimu mstaafu, alilalamika kwamba mashine inamchelewesha, marehemu akaiongezea wepesi bila kuivaa yeye kwanza, mguu ukanyanyuka mwalimu akiwa bado anageuka, akaanguka, akavunjika nyonga, asisimame tena. Mkuu wa karakana alimwambia, “Andika mgonjwa alijikwaa, yaishe,” naye akajibu, “Hakujikwaa, ni mimi,” akaandika hivyo hivyo, akasimamishwa kazi miezi kumi na moja.

Hatutaficha kwamba tangu hapo usingizi ulimpaa, akawa mkali nyumbani, na kila Jumamosi alikwenda kwa mwalimu, ambako mke wa mwalimu alimwangalia dirishani bila kumfungulia. Aliporudi kazini alisimamia jambo moja, kwamba anayebadilisha programu apande na kushuka ngazi akiwa ameivaa mashine hiyo kabla ya mgonjwa, na karakana inafuata hivyo hadi leo.

Septemba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Wiki ya mwisho mwalimu aliletwa wodini kwa kiti cha magurudumu, akamwambia, “Mwanangu, hasira zimenichosha,” wakashikana mikono, ila kama dada alijisamehe, hatujui. Alifariki tarehe 2 Aprili 2024, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kufagia, wafanyakazi wenzake, na mwalimu, aliye nasi hapa, na mkewe, ambaye hakuweza kuja, tunaomba asilaumiwe.

Dada, umechoka sana, sasa pumzika kwa amani.