Ukurasa wa Pili

MUTHAMA: Haloo, ofisi ya kanisa, Mwingi hapa. Nani huyo?

NZILANI: Baba, ni mimi.

MUTHAMA: Mimi nani? Sauti inakatika kama –

NZILANI: Nzilani. Binti yako. Napiga kutoka Msumbiji.

MUTHAMA: Mwaitu! Nuvoo waku?

NZILANI: Ni nesa, baba, sijambo. Na leo usiniite mwaitu. Ukiniita kama mama yako nitashindwa kukukasirikia, na nimepanda lori la mahindi masaa matano ndio nikukasirikie vizuri.

MUTHAMA: Mtoto hajambo? Muthama wangu mdogo?

NZILANI: Ameng'oka meno mawili ya mbele. Baba, nina dakika chache, mtu wa posta ananihesabia kwa vidole. Nimepata telegramu yenu.

MUTHAMA: Ya kamati.

NZILANI: "Jiandaeni kurudi wote. Kamati inakata shauri Alhamisi." Leo ni Alhamisi. Mmeshakata?

MUTHAMA: Tumetoka kidogo, wazee wanakunywa chai. Tukirudi tunapiga kura.

NZILANI: Kura ya kuturudisha.

MUTHAMA: Na ya kutuma mwingine. Nzilani, mimi ni katibu tu, naandika yale wazee –

NZILANI: Kosa letu ni lipi?

MUTHAMA: Kwani hujui? Bwana yako Mulei ameandika kwa mkono wake. Ati amesimama mbele ya watu wa huko akawaambia Mulungu si Mungu. Pasta mzima. Mzee Mutiso alisimama. Amesema babu zetu walimwomba Mulungu kwa jina hilo hata kabla misheni haijakanyaga Ikutha kwetu, sasa Mulei ni nani wa kumkana?

NZILANI: Hajamkana.

MUTHAMA: Ameandika!

NZILANI: Ameandika nini baada ya hapo?

MUTHAMA: Haloo? Laini inavuma.

NZILANI: Haivumi. Nakusikia hadi unavyovuta pumzi. Nimekuuliza, ameandika nini baada ya hapo?

MUTHAMA: Barua iliishia hapo.

NZILANI: Barua ilikuwa karatasi mbili. Mimi ndiye nililamba bahasha.

MUTHAMA: Posta za siku hizi, mwanangu, vitu hupotea.

NZILANI: Bahasha ikafika, gundi sawa, karatasi moja ikatoka ndani ikaenda zake?

MUTHAMA: Usinijibu hivyo. Asiyesikia la mkuu –

NZILANI: Huvunjika guu. Guu ni langu, baba. Sasa wewe nisikie. Kwa hawa watu tunaokaa nao, mulungu maana yake ni mzungu. Mungu wanamwita Shikwembu. Sisi hatukujua. Mulei alikuwa na mkalimani, na kila mara mkalimani akitaka kubadilisha hilo neno, Mulei anamwambia wacha, hilo nalijua, ni letu sote, kutoka Kitui mpaka huko chini. Unajua kiburi chake.

MUTHAMA: Najua. Nilimpa binti.

NZILANI: Miezi minne, baba. Miezi minne anawaambia mzungu aliwapenda sana. Mzungu anasamehe dhambi. Pigieni mzungu magoti. Na walikuwa wanasema amina. Hiyo ndiyo inaniuma. Hakuna aliyeshangaa. Walishazoea kuambiwa hivyo.

MUTHAMA: Wazee hawawezi kujua mambo ya –

NZILANI: Wangejua kama ungewasomea habari ya yule bibi.

MUTHAMA: Bibi gani?

NZILANI: Bibi mmoja aliyesimama katikati ya mahubiri akamuuliza Mulei, mzungu gani huyo alitupenda?

MUTHAMA: Mzee wake kufa kwa kifua huko migodini kwa wazungu ni huzuni, sikatai, lakini haiwezi kufanya pasta –

NZILANI: Baba.

MUTHAMA: – pasta aandike maneno ya –

NZILANI: Baba, mimi sijasema kuna mzee amekufa. Sijasema kifua. Sijasema migodi. Hayo yako ukurasa wa pili. Haloo?

MUTHAMA: Niko.

NZILANI: Uko wapi huo ukurasa?

MUTHAMA: Mfukoni. Kwa koti.

NZILANI: Koti ya kanisa?

MUTHAMA: Ndiyo hiyo tu ninayo. (pembeni) Nakuja, mwenyekiti, dakika moja. Ni simu ya... ni simu.

NZILANI: Umewasomea wazee nusu ya barua ya bwana yangu. Wewe, uliyenichapa kwa kusema nimefagia jikoni na nimefagia nusu.

MUTHAMA: Niliposoma mstari wa mwisho wa karatasi ya kwanza, wakaanza kelele. "Warudi! Warudi nyumbani!" Nikasikia hilo neno, nyumbani. Karatasi nyingine ilikuwa mkononi, Nzilani. Nikaikunja. Wakauliza ndiyo hiyo tu? Nikasema ndiyo hiyo tu.

NZILANI: Kwa nini?

MUTHAMA: Mama yako tulimzika, wewe ukafika siku ya tisa.

NZILANI: Najua siku niliyofika.

MUTHAMA: Sikulaumu. Nasema tu. Ile nyumba ina viti sita.

NZILANI: Umekula nini leo?

MUTHAMA: Chai.

NZILANI: Chai si chakula. Na jana?

MUTHAMA: Isyo ya mahindi na maharagwe. Ya juzi. Nilipasha moto ikashika chini. Ijumaa jirani, Sauda wa Hemedi, huniletea chapati wakitoka msikitini, usifikiri nateseka. Ni jioni tu. Nimechoka kuongea na redio. Huyo mtoto ana jina langu na siwezi kukumbuka sauti yake.

NZILANI: Hayo ungeniandikia.

MUTHAMA: Mwanamume anaandika hivyo?

NZILANI: Anaandika. "Nimechoka kukaa peke yangu, njoo." Maneno matano. Ningekuja kwa miguu. Desemba nitakuja na mtoto, nitakupikia mpaka ukatae, halafu nitarudi kazini kwangu. Lakini usinirudishe kwa jina la Mungu, baba. Mulei alikosea jina lake kwa kutojua. Wewe unalitumia ukijua.

MUTHAMA: Hayo ni makali.

NZILANI: Ni makali na sirudishi hata neno moja. Nina watoto sitini na wawili darasani, hakuna paa, vita vimeisha juzi, na wameanza kuandika majina yao. Yule bibi ndiye ananifunza lugha sasa, kila asubuhi. Ananicheka mpaka anashika tumbo. Mulei alipiga magoti mbele yake Jumapili, akaomba msamaha na kanisa lote linaona. Sasa mnatuma mtu mwingine aje aanze tena na mulungu wake?

MUTHAMA: Wakijua nilificha, wataninyang'anya ukatibu. Miaka kumi na tisa.

NZILANI: Pengine.

MUTHAMA: Mbele ya Mutiso.

NZILANI: Mbele ya Mutiso. Na wakipiga kura bila kusikia, pia sirudi. Ng'o. Waache kutuma msaada, nitalima. Nimezaliwa Kitui, mvua ikikosa hainishtui. Lakini nataka wakosee wakijua. Mtu wa posta ananionyesha kidole kimoja, baba.

MUTHAMA: Desemba tarehe ngapi?

NZILANI: Shule ikifungwa. Soma ukurasa –

MUTHAMA: Mlete na meno yake hayo. Usingoje yaote.

NZILANI: Nimesikia. Soma ukurasa wote, baba, mpaka pale bibi –

MUTHAMA: Mwaitu? Haloo? Haloo... Mwaitu?

MUSEMBI: Katibu, hiyo imekatika, weka chini. Chai imeisha, watu wameshakaa. Tupige kura?

MUTHAMA: Bado, mwenyekiti. Kuna ukurasa wa pili.

MUSEMBI: Si ulituambia ni mmoja?

MUTHAMA: Niliwaambia hivyo, ndiyo. Mwite Mutiso akae mbele. Hasikii vizuri, na nataka asikie yote.