Jiwe la Chemchemi na Jiwe la Njia

Bandugu, kabla ya kusema yangu, namukumbuka kuku mumoja wa mama, tungali Mboko, baba hajatuhamishia hapa Baraka. Alitoka Nundu, mwekundu, mukali, anadonoa batoto bote. Mama akamufunga kamba kwenye muguu wa kitanda, mpaka azoee nyumba. Siku alipomufungulia, kuku akabaki palepale, anazunguka kitanda kama mulevi. Baba akasema, "Sasa huyu ni wa hapa." Noeli tulimula, lakini hiyo ni habari ingine.

Namutaja kwa sababu vita ilitukimbiza ng'ambo ya ziwa, mi na yaya, ndugu yangu mukubwa. Tuliporudi hapa Baraka, sikuwa na kamba muguuni. Nilipanda muhogo na maharagi, vitu vya kuvuna mbio. Muti wa mawese, hapana. Ule unaomba miaka. Mufuko wangu ulikaa mulangoni, umefungwa. Bibi yangu, mama wa batoto bangu, ananichokoza: "Muzee, unaishi hapa ao unapita?" Mi nachukua jembe, naenda kwenye maharagi.

Kisha bakubwa ba serikali ya sekta bakaita kijiji chote. Tulizoea kuletewa mupango ukiwa umeshaiva. Mara hii bakachora kijiji chini kwa majivu, bakasema kila jamaa aweke jiwe pale anapotaka kazi ianze. Mi nikaweka langu kwenye chemchemi aliyochimba baba. Yaya akaweka lake kwenye njia ya shamba letu la zamani, kule tulikomuzika mama. Ile njia watu wameilima, imepotea.

Bwana mumoja akasukuma mawe yetu yote mawili kwa kiatu. "Bazee, mulikula posho ng'ambo, leo munatupangia?"

Watu kicheko! Mama mumoja, muuza ndagala, bale samaki badogo ba ziwa, akasimama. "We! Maji uliyonawa asubuhi, nani alichimba? Si baba yao?" Akarudisha jiwe langu. Chef wa kijiji akasema, "Basi, tuanze na maji." Vigelegele.

Ndugu zangu, ile siku ndiyo nilifungwa kamba. Nilibeba muchanga wa ile kazi na huu mugongo mubovu. Mufuko niliufungua. Nikapanda miti ya mawese. Bibi akauliza nani atakamua mafuta yake, nikamujibu: yule atakayekuwa hapa.

Mama wa ndagala, aksanti. Bamama mulioponda mawe kwenye jua, aksanti sana.

Lakini kesho munakaa tena kupanga. Nawaomba: jiwe la muntu musiliondoe kabla ya kumuuliza kwa nini ameliweka pale. Maana jiwe la yaya hakuna aliyelirudisha. Sote tulikuwa tunashangilia maji. Yaya aliinama, akaliokota, akalipangusa majivu, akalitia mufukoni. Mi nilizani anaenda kukojoa, nikamuwekea nafasi kwenye benchi.

Nikamuita: "Yaya, rudi, hatujamaliza!"

Hakugeuka. Akashika njia ya ziwani, na mpaka leo hajarudi.