Mama Bathsheba na Matete ya Siuma

Wasikilizaji wapendwa, leo sitawatania. Mama Bathsheba ametutoka. Bathsheba wa Nyansiongo, mpishi wa kwanza wa Kisiwa cha Siuma, atazikwa kesho nyumbani kwake. Na kuna mtu mmoja huko ziwani ambaye namwomba asizime redio kabla sijamaliza.

Siuma ni kisiwa kidogo cha wageni, Ziwa Victoria. Zamani kilikuwa mawe na ndege tu. Mzee Hasmukh, mwenye duka la mabati mjini Kisii, ndiye aliyejenga vibanda vya wageni. Wapishi na wafagizi akawatoa huku kwetu Nyamira. Watu wa milimani, jamani! Bathsheba alivuka akiwa amefumba macho, ameng'ang'ania sketi ya mwenzake. Ziwa alikuwa akiliogopa mno. Hata miguu hakuosha humo.

Sasa mnatujua sisi. Mkulima akiona magugu, mikono inamwasha. Ufuo ulikuwa umejaa matete. Bathsheba na wenzake wakashika majembe, wakang'oa yote, ukabaki mchanga mtupu, safi. Wageni wakafurika. Mzee Hasmukh akafurahi. Hakuna aliyejua kwamba matete yale ndiyo yaliyokuwa yanaishika ardhi.

Mwaka wa mafuriko, ziwa halikupata cha kulizuia. Likala ufuo. Likala jiko. Mchana kweupe Bathsheba akaona kibanda cha mwisho kinainama, na ndani amelala bintiye Joyline, aliyekuwa ametoka tu kujifungua. Bathsheba alijikojolea kwa hofu. Alikuwa akilisema hilo mwenyewe, bila aibu. Kisha akashika kamba ya kuanikia nguo, akaingia. Maji yakamfika kifuani. Akatoka na Joyline na mtoto, na kibanda kikaenda na maji.

Wengi wakarudi nyumbani, Bathsheba akiwa mmoja wao. Joyline na wachache wakabaki kupanda matete upya. Tangu hapo mama hakupata usingizi mvua ikinyesha.

"Ananiuliza, 'Osoro, maji yamefika wapi?'" anasema mumewe, Mzee Osoro. "Namwambia, Mama Joyline, hapa ni Nyansiongo, maji yatoke wapi?"

Pumzi zikimwishia, alimshika mumewe mkono. "Akaniambia, 'Ziwa likichafuka, Joyline asivuke. Hata kunizika asije. Niapie.' Nikaapa. Lakini simu za kisiwani hazishiki tangu upepo uangushe mnara wa simu."

Habari za msiba zilimfikia Joyline kwa mashua ya wavuvi wa omena. Mwenye mashua amerudi leo. Anasema mawimbi hajawahi kuyaona hivyo, na hatoki tena. Anasema pia kwamba Joyline amefunga mzigo, ameazima mtumbwi, anangoja kupambazuke.

Mzee Osoro, familia yote, poleni sana. Mungu awashike. Na sisi wengine tukae tufikiri: ni kitu gani tumeking'oa mlangoni petu tukakiita uchafu?

Joyline, nakusihi. Najua binti asipomtupia mamake udongo, huku kwetu watu watasema. Waache waseme. Baba yako yuko hapa studio, amekaa mbele yangu, analia. Anasema udongo wako atautupa yeye, kwa mkono wake, na atalitaja jina lako. Mama aliingia kwenye maji yale mara moja, ili wewe utoke. Fungua mzigo, mwanangu. Rudisha mtumbwi wa watu.