Bakuli la Bi Mishi kwa Mzee Kitsao

Mzee Kitsao wa Mwinga, tunayemzika leo hapa Milalani, alizaliwa mwaka 1899 huko Kinango, katika njaa ile iliyowamaliza wazazi wake. Alilelewa kwa ami yake, na kila alipotia tonge mdomoni alikumbushwa ni chakula cha nani. Anayetaka kujua kwa nini marehemu alikuwa mgumu wa kupokea, aanzie hapo.

Alisoma misheni, akabatizwa mwaka 1914. Mwalimu alipompa kanzu ya Pasaka, Kitsao alimwuliza atafanyishwa kazi gani. Alipoambiwa hakuna kazi yoyote, aliiacha kanzu juu ya dawati akaenda zake.

Kazi yake ilikuwa kuezeka. Kutoka Gazi mpaka Msambweni wako wengi wanaolala chini ya makuti aliyoyafunga yeye, na akisikia mjane anavujiwa, alipanda bila kuitwa. Lakini paa lake mwenyewe lilipooza mwaka 1949, hakuwaita majirani, ambao kwa desturi yetu wangekuja wote, wakaezeka, wakala kwake mchana.

"Wakishapanda juu ya paa langu, watashuka lini?" alimwuliza mkewe.

Basi aliezeka peke yake masika yote, mkewe akimrushia makuti na watoto wao, Mwinga na Kadzo, wakilala chini ya meza. Wengi wenu mlipita njiani mkamtazama, naye akawatazama vibaya zaidi.

Mke huyo, Sidi binti Katana, alimwoa tarehe 12 Juni 1926. Shemeji yake Kaingu, anayewasomea maneno haya, ndiye aliyemletea mbuzi wa harusi. Marehemu alimkagua mbuzi meno, kisha akamkagua na aliyemleta. Sidi alicheka siku ile, ila kuishi na mtu asiyepokea hata mkono wa mkewe hakukuwa kicheko.

Machi mwaka huu wa 1956 kifua kilimbana. Aliporudishwa nyumbani kutoka hospitali, jirani yake wa ng'ambo ya ua, Bi Mishi binti Waziri, alianza kumletea uji wa tui katika bakuli la bati lenye maua mekundu. Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu, lakini pia hakirudi mbio. Hukaa ndani kwanza. Marehemu aliunusa uji, akamwonjesha Sidi, akangoja kuona kama ataanguka. Sidi hakuanguka. Bakuli likarudishwa lingali na joto, na mayai ndani.

"Ana lake jambo," alisema. "Anaitazama minazi yetu ya mpakani."

Ikawa hivyo kila uji ulipokuja, hata Sidi naye akaanza kuitazama ile minazi. Mwisho Bi Mishi aliingia mwenyewe, bakuli mkononi.

"Bi Mishi, sema leo," marehemu alimwambia kutoka kitandani. "Wataka nini kwangu?"

"Nataka bakuli langu likae humu mpaka nije kuliulizia!" Bi Mishi alikuwa amekasirika kweli. "Ulipoezeka nyumba ya mamangu, Babake Mwinga, nani alikuuliza wataka nini? Mimi nikileta uji wanirudishia mbio, kana kwamba tumemalizana na hatujuani tena. Wataka mtoaji uwe wewe peke yako?"

Marehemu alimtazama, akautazama uji, akaunusa kama kawaida yake. Kisha akaunywa wote pasipo kumwonjesha mtu. Sidi alipoliosha bakuli na kwenda kutafuta mayai, marehemu alimwita.

"Liache. Liweke juu ya kabati."

Sidi alilia palepale. Jioni ile mumewe alimwachia amshike mkono mpaka uani, jambo alilolikataa tangu Machi, na ndivyo walivyokwenda mpaka mwisho. Mzee Kitsao alifariki nyumbani kwake Jumapili, tarehe 2 Septemba 1956.

Ameacha mjane wake Sidi, mwanawe Mwinga, bintiye Kadzo, shemeji yake Kaingu, na Bi Mishi, ambaye hawakumalizana. Asubuhi ya leo Bi Mishi ameliona bakuli lake juu ya kabati, akapita bila kuliulizia.

Mungu ampe pumziko, na safari hii Mzee Kitsao apokee bila kuuliza ni la nini.